"Tulitoa semina, utendaji ukapanda": acheni hiyo

Mteja akifungua mdomo ofisini kwangu hapa Dodoma, awe mkurugenzi kutoka Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, au mwanafunzi wa uzamili, wimbo ni huohuo: "Tuliwapa watumishi semina, utendaji ukapanda, kwa hiyo semina imefanya kazi." Hapana. Mnachojua ni kwamba ulipanda baada ya semina, basi.

Chukua masijala inayopima siku ambazo jalada linakaa bila kushughulikiwa. Semina inafanyika Julai, Juni inalinganishwa na Agosti, siku zimepungua, picha ya pamoja inapigwa. Lakini Juni mwaka wa fedha unafungwa, Bunge la bajeti liko mjini, na nusu ya ofisi inaandaa majibu ya waheshimiwa. Agosti mngepata nafuu hata kama mngewapeleka kula zabibu tu. Na mkichagua idara iliyofanya vibaya kuliko zote ndiyo ipewe semina, mmejidanganya mara mbili: aliye mkiani mwezi huu mara nyingi hupanda mwenyewe mwezi ujao.

Mnahitaji kundi linganishi, yaani watumishi wa aina ileile wasiopata semina, tena lipatikane kwa kura ya bahati nasibu. Hapo wateja hununa: "Tutawanyimaje wengine?" Hamnyimi mtu. Fungu lenyewe haliwatoshi wote kwa mkupuo. Kura iamue nani aanze Julai na nani asubiri Januari. Wanaosubiri ndio kipimo chenu. Ctrip, kampuni ya safari ya China, ilipojaribu kazi za kufanyia nyumbani mwishoni mwa 2010, iliwagawa waliojitolea kwa tarehe za kuzaliwa: shufwa nyumbani, witiri ofisini. Kwa miezi 9, utendaji wa walioko nyumbani ulizidi kwa asilimia 13. Wangelinganishwa waliojitolea na waliokataa, ingekuwa kupima hamu ya watu.

"Tuna watumishi 80, wanatosha." Wakiwa ofisi mbili, moja ina semina na nyingine haina, mna vitu viwili tu vya kulinganisha, si 80. Bosi mmoja akihamishwa, jaribio limekufa.

"Basi tuwagawe ndani ya ofisi moja." Wanakunywa chai pamoja! Saa nne haijapita, semina imeshasimuliwa yote.

"Majaribio ya kazini ni bure, kuna athari ya Hawthorne: watu hujituma kwa kujua tu kwamba wanatazamwa." Mwaka 2011 wachumi Steven Levitt na John List walichambua upya takwimu za majaribio ya taa ya kiwanda cha Hawthorne, karibu na Chicago, kulikotoka jina hilo. Taa zilikuwa zikibadilishwa Jumapili, Jumatatu uzalishaji unapanda. Kumbe Jumatatu ulipanda hata wiki ambazo taa hazikuguswa. Rasimu inayotaja Hawthorne bila kulijua hilo nairudisha bila kuisoma.