Maana ya Kitenzi cha Kiebrania «Shamar»

Kitenzi «shamar» kimejengwa juu ya konsonanti tatu, shin, mem na resh, na umbo hilo linaloorodheshwa katika kamusi lina maana ya «alilinda», kwa kuwa vitenzi vya Kiebrania hutajwa kwa nafsi ya tatu umoja, wakati uliopita. Kiini chake ni kuangalia kwa makini kitu ambacho mtu amekabidhiwa, kisipotee wala kuharibika.

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili hukutana nacho mara nyingi bila kukitambua, kwa sababu wafasiri wamelazimika kubadilisha neno kulingana na kinacholindwa. Katika Mwanzo 2:15 Adamu anawekwa bustanini «ailime na kuitunza», sura mbili baadaye Kaini anauliza, «Mimi ni mlinzi wa ndugu yangu?», na katika Kumbukumbu la Torati 5:12 Waisraeli wanaamriwa, «Ishike siku ya Sabato». Kutunza, mlinzi na kushika vyote vimetoka katika mzizi mmoja. Kwa maoni yangu, hasara kubwa iko kwa Kaini, kwani anayesoma Kiebrania husikia kwamba kazi anayoikataa kwa ndugu yake ni ileile ambayo baba yake alipewa kwa bustani. Zaburi ya 121, ambayo ina aya 8 tu, inaurudia mzizi huu mara 6, na hapo wafasiri wetu wameweza kuudumisha kwa neno «kulinda».

Katika Israeli ya leo kitenzi hiki kinafanya kazi kila siku. Mlinzi anayekagua mikoba kwenye lango la duka kubwa huitwa «shomer», na jina hilohilo, likiunganishwa na Sabato, humtaja Myahudi anayeishika siku hiyo kwa kuacha kazi, kutowasha moto na kutoendesha gari. Vyakula vya makopo ni «shimurim», hifadhi ya wanyama na mimea kama ile ya Ein Gedi karibu na Bahari ya Chumvi ni «shmurat teva», na anayetaka kuhifadhi faili kwenye kompyuta hutumia kitenzi hichohicho. Hapa Kiswahili kina bahati, kwa kuwa «kuhifadhi», tulikokipata kutoka Kiarabu, kinaenea karibu kote huko: tunahifadhi chakula, mbuga, faili, na hata neno moyoni, kama Yakobo alivyofanya baada ya kusikia ndoto ya Yusufu. Kinapungukiwa kwenye amri na ahadi, ambazo sisi huzishika au huzitimiza.

Anayejifunza lugha hii azingatie pia jinsia. Wakati wa kuagana, mwanamume huambiwa «shmor al atzmekha», yaani «jitunze», ilhali mwanamke huambiwa «shimri al atzmekh».