DVD ya sendofu iliyosuguliwa kwa dawa ya meno

Wiki iliyopita mama mmoja wa Mbagala aliniletea DVD ya sendofu ya mdogo wake, ambaye sasa ni marehemu. Deki ilikuwa inagandaganda kuanzia pale wanapokata keki, jirani akamshauri aisugue kwa dawa ya meno. Akaisugua kwa kuzungusha, kama sufuria.

"Mwanangu, itapona?"

"Mama, usiiweke tena kwenye deki yoyote. Niachie."

Ubaya ulikuwa kwenye kule kuzungusha. Data ya diski imeandikwa kwa mstari mmoja unaojiviringisha kama koili ya mbu, kuanzia ndani kwenda nje. Mkwaruzo unaotoka katikati hadi ukingoni unaukata mstari huo padogo padogo, na hesabu za kusahihisha makosa huziba pengo. Kwenye CD huziba hadi kama milimita 2.4 mfululizo. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hula mstari mmoja kwa urefu, hesabu zikashindwa. Kwa hiyo ukifuta, futa kutoka katikati kwenda nje.

Bahati yake ilikuwa DVD. Data yake iko katikati ya plastiki mbili za milimita 0.6 zilizogundishwa, kwa hiyo mikwaruzo ya juu haikuifikia, ilikuwa inapotosha leza tu. CD ndiyo yenye balaa, tena upande ambao watu hawaujali: wa lebo. Data imelala hapo, chini ya vanishi na rangi basi. Ielekeze CD kwenye taa; ukiona vitundu vinapitisha mwanga, kilichokuwa pale kimebanduka, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Nikaiosha kwa maji na tone la sabuni, nikaikausha. Kukopi kwa kawaida sikujaribu, maana kompyuta ikikutana na kipande kibovu inakata tamaa na faili zima. Natumia ddrescue, programu ya bure ya GNU. Inabeba kwanza vilaini, vigumu inaviruka, kisha inavirudia kimoja kimoja huku ikiandika ramani ya ilipofika. Saa nne usiku umeme ulikatika. Asubuhi nikawasha, ikaendelea palepale. Halafu diski nikaihamishia kwenye draivu, yaani kisomeo cha diski, kuukuu niliyoichomoa kwenye kompyuta mbovu, ramani ileile. Kila draivu ina macho yake, na hiyo kuukuu ilisoma vipande ambavyo ile mpya ilivikataa.

Wengine huja na diski zilizofutwa data. RW, yaani diski ya kuandika na kufuta tena, iliyofutwa kwa njia ya haraka kwa kawaida imepoteza orodha ya mwanzo tu, data bado ipo, ila draivu inaiona tupu na inagoma kuisoma. Kazi yote ni kuihadaa draivu. Ikiwa ilifutwa yote, sichukui hela yako. Zile za kuchoma mara moja hazifutiki hivyo. Ulichochoma awali huwa kimefichwa na ulichoongeza baadaye, na programu kama IsoBuster inakiona.

Ya mama ilibakiza sekta (vijipande vya data) 1,600 zisizosomeka, kama sekunde 5 za video. Zimeangukia pale MC anapojaribu maiki. Keki ipo yote.