Je, wajua kwa nini aliyeacha unga (heroini) huweza kuuawa na dozi ileile aliyoizoea?

Wengi huamini kwamba mwili uliotumia heroini kwa miaka umeshakomaa, na kwamba mtu aliyekaa miezi mitatu bila kuigusa akiteleza mara moja tu hatadhurika sana, kwa kuwa amepumzika. Ni kinyume kabisa. Utafiti wa jimbo la Washington, Marekani, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha kuwa katika wiki mbili za kwanza baada ya kutoka gerezani, ambako mara nyingi mtu huwa amekaa bila dawa, hatari ya kufa kwa kuzidisha dawa za kulevya ilikuwa mara 129 ya ile ya wakazi wengine. Na si lazima awe ameongeza kipimo.

Heroini ikiingia mwilini hugeuka mofini, ambayo hushika vipokezi vya ubongo, vikiwemo vya shina la ubongo panapoongozwa pumzi. Pumzi hupungua. Ubongo hujibu kwa kufanya vipokezi hivyo viitikie kidogo na kwa kuchochea kazi zilizofifishwa. Chukulia watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, kila mtu upande wake: dawa huku, ubongo kule, mlango umesimama. Dawa ikikatizwa, ubongo unabaki kusukuma peke yake. Hiyo ndiyo arosto: miayo, makamasi, kuhara, mifupa kuuma. Huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho na huchukua siku 4 hadi 10. Hatimaye ubongo nao huachia. Siku dawa itakaporudi kwa nguvu za zamani, upande wa pili hakuna mtu.

Hata kwa anayetumia kila siku usalama ni mdogo, kwa sababu mwili huzoea stimu upesi kuliko unavyozoea kubanwa pumzi. Anaongeza kipimo kutafuta raha, huku akiusogelea ukingo.

La kushangaza zaidi ni mahali. Mwaka 1982 mwanasaikolojia Shepard Siegel na wenzake walichapisha jaribio la panya waliozoeshwa heroini, kisha wakapewa dozi kubwa. Katika chumba walichozoea kudungwa, walikufa asilimia 32 hivi. Katika chumba kigeni, 64. Na wasiowahi kuionja, 96. Inaelekea mwili hujiandaa mapema ukiona dalili za mazingira yaleyale. Kwa binadamu jaribio kama hilo haliwezekani, hivyo ushahidi hapo ni hafifu zaidi.

Ukimkuta mtu haamki, mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, midomo imebadilika rangi na anakoroma kwa kugugumia, usimwagie maji wala kumnywesha maziwa. Ita msaada wa dharura, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi moja kila sekunde 5. Naloksoni, dawa inayozuia kazi ya heroini mwilini, ikiwepo, mpe. Asipoanza kupumua baada ya dakika 2 au 3, rudia. Akizinduka usimwache: naloksoni hufanya kazi dakika 30 hadi 90 tu, na heroini iliyobaki mwilini inaweza kumzimisha tena.