Nyurofidibaki haifuti kumbukumbu, jamani

Wiki hii nimeulizwa mara nne kama nyurofidibaki, yale mafunzo ya kuutuliza ubongo kwa mashine inayosoma mawimbi yake, inafuta kumbukumbu mbaya. Huyu wa nne hata hajakaa vizuri kwenye kiti ananiambia, dokta mi nataka ile ya kufuta. Ya kufuta nini? Ile siku. Anataka ile siku itoke kichwani kama mtu anavyofuta picha kwenye simu, pabaki patupu, aendelee na maisha. Nikavuta pumzi kwanza, maana jibu nimelirudia tangu Jumatatu mpaka limechakaa, na nikaona bora niliandike mahali.

Simlaumu, naomba nieleweke. Mtu aliyeamka saa nane za usiku miaka mitatu mfululizo ana haki ya kutaka kufuta. Ninaowalaumu ni wale wanaomuuzia hilo neno. Ukitamka ubongo na mashine kwenye sentensi moja watu wanaona filamu, na kuna watoa huduma wanaiacha hiyo filamu iendelee kwa sababu inaleta wateja.

Sasa tuanze na mashine yenyewe. Zile elektrodi tunazobandika kwa jeli kichwani zinasoma umeme mdogo mno, tunaupima kwa mikrovolti, yaani sehemu za milioni za volti moja, na huo umeme unatoka kwa seli nyingi sana zinazofanya kazi kwa pamoja, tena umepita kwenye fuvu na ngozi kabla haujafika kwetu. Ni kama kusikiliza watu wanaoongea chumba cha pili: unajua wametulia au wanagombana, ila maneno huyashiki. Mashine haijui kama unawaza ajali au unawaza nguo ulizoanika. Inajua tu kwamba hapa mawimbi yamekuwa ya polepole, theta, hapa katikati, alfa, hapa ya haraka, beta. Kitu ambacho hakiisomi ile siku yako kitaifutaje?

Na hata kama ingekuwa inaisoma, kumbukumbu haikai sehemu moja kama faili. Kuna mgonjwa anayejulikana sana kwenye fani yetu, Henry Molaison, ambaye mwaka 1953 madaktari Marekani walimkata sehemu kubwa ya hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu, pande zote mbili wakijaribu kumtibu kifafa. Baada ya hapo hakuweza tena kuweka kumbukumbu mpya za matukio, unaongea naye, unatoka, ukirudi anakusalimia upya kama hajawahi kukuona. Lakini utotoni kwake anapakumbuka. Huo ni upasuaji, kisu, na bado hakuna siku moja iliyochaguliwa ikatoka peke yake. Leo wewe unataka jeli na waya tatu zifanye hivo?

Alafu hapa ndo pananiuma zaidi: kumbukumbu yenyewe sio ugonjwa. Kuna watu wengi wanakumbuka mambo mabaya mno, wanayasimulia, wanalia kidogo, wanaendelea na chakula, na hawana PTSD, ule ugonjwa wa kiwewe. PTSD ni pale mwili unapoendelea kujibu kama vile jambo bado linatokea. Mlango umebamizwa na upepo, wewe ushatoka jasho, moyo unakimbia, na kichwa bado hakijajua ni mlango. King'ora kimewahi kuliko taarifa. Ndani kabisa ya ubongo kuna amigdala, vitu viwili vidogo umbo la lozi, kimoja kila upande, na kwa watu wengi wenye kiwewe hiyo amigdala inaruka haraka wakati sehemu za mbele zinazopaswa kuituliza zinachelewa. Ndo maana mtu anakwambia najua niko salama, najua kabisa, lakini mwili haukubali. Kujua anajua. Kinachohitaji mafunzo ni king'ora.

Basi nyurofidibaki inafundisha hapo. Unakaa, filamu inacheza kwenye skrini, mawimbi yako yakielekea kule tulikolenga picha inang'aa na sauti inapanda, yakikimbia picha inafifia. Humlazimishi mtu kufanya chochote kwa makusudi, tena anayejitahidi sana ndo anaharibu. Ubongo unapenda picha ing'ae, unaanza wenyewe kurudi kule inakong'aa. Ni tuzo na kujifunza, basi. Mtafiti Barry Sterman kule California miaka ya 1960 aliwafundisha paka kutoa mawimbi fulani kwa kuwapa maziwa na supu ya kuku kila wakiyatoa, na baadaye alipowajaribu na kemikali ya mafuta ya roketi inayoleta degedege, wale waliofundishwa walistahimili kuliko wenzao. Paka hana matarajio wala hajasoma tangazo, ndo maana napenda kumtaja. Lakini pia angalia alichojifunza yule paka: utulivu. Hakuna alichosahau.

Kwa hiyo mtu akifanikiwa anachoniambia sio "nimesahau". Anasema bado naikumbuka ila hainikabi tena. Kumbukumbu imehama, imetoka leo imekwenda jana inakostahili. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika, lakini kwa aliyekuja kufutiwa inaonekana kama amepunjwa, na hapo ndo ninapopoteza watu. Nina waliokatisha kwenye sesheni ya nane au ya tisa wakisema haifanyi kazi kwa sababu bado wanaona picha za tukio, na ukiuliza vizuri, unalala kwa masaa mangapi siku hizi? Sita. Ulipokuja? Tatu. Ulipanda basi? Ndio, jana. Ulikuwa unapanda? Hapana. Sasa ndugu yangu hicho unachokiita haifanyi kazi ni nini?

Ndo maana kila mtu anayeanza nampa kazi ya daftari, na nawasumbua sana juu ya hilo daftari, wananicheka. Mambo matatu tu kila asubuhi: umelala masaa mangapi, jana umeshtuka mara ngapi, na ni wapi umekwepa kwenda. Usiniandikie unajisikiaje, kujisikia kunabadilika na hali ya hewa. Bila daftari, siku moja mbaya inafuta wiki tatu nzuri, na hiyo ndo kumbukumbu pekee ninayoona ikifutika ofisini kwangu.

Kuna jambo jingine wanaotaka kufuta hawaambiwi. Kuna aina ya mafunzo inaitwa alfa-theta, macho yamefumbwa, unashushwa karibu na usingizi, ile hali ya nusu macho nusu ndoto. Watafiti wawili, Peniston na Kulkosky, waliitumia kwa wanajeshi wa Marekani waliopigana Vietnam, wakachapisha mwaka 1991, na ndo iliyowafanya wengi waanze kuongea habari ya nyurofidibaki na kiwewe. Sasa hali hiyo ndo inayopandisha picha za zamani juu, wakati mwingine zile ambazo mtu hajaziona miaka. Yaani umekuja kufuta na zinakujia zaidi! Zikija mbele ya mtu anayejua kukushika ni sehemu ya kazi, zikija uko peke yako chumbani na kifaa ulichonunua mtandaoni ni habari nyingine kabisa.

Na la mwisho kwenye hili la kufuta, afu niliache. Hofu ikishajifunzwa haing'olewi, inafunikwa na somo jipya. Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi aliyezoesha mbwa kudondosha mate kwa ishara ya chakula, aliliona hili: ukiitoa ishara bila chakula mara nyingi, mbwa ameacha kabisa kudondosha mate akisikia ishara, ukampumzisha kidogo, mate yanarudi. Na hofu ndo hivohivo. Kwa hiyo siku ya kumbukumbu ya tukio ikifika, au ukisikia harufu ileile, mwili unaweza kuruka tena hata kama umemaliza matibabu vizuri. Haimaanishi umerudi mwanzo. Somo jipya bado lipo, linahitaji kurudiwa kidogo tu, na aliyetarajia kufutiwa ndo anayeanguka vibaya hapo kwa sababu anadhani ametapeliwa.

Haya, yaliyobaki nayapitia haraka.

Eti wanapiga shoti. Hapana. Nyurofidibaki ya kawaida inasoma, haitumi kitu, kipimajoto hakikuongezei homa. Watu wanachanganya na ile tiba ya kupitisha umeme kichwani iliyoanza Italia mwaka 1938, ambayo nayo siku hizi inafanywa ukiwa umepewa usingizi na ina kazi yake kwenye sonona kali, ila sio hii. Vipo vifaa vingine vinavyotuma umeme kidogo na wauzaji wanaviita jina hilohilo, kwa hiyo uliza tu swali moja: hii inasoma au inatuma? Akibabaika, vaa viatu.

Eti sesheni tatu unapona. Utafiti wa Bessel van der Kolk na wenzake wa mwaka 2016, ambao watu wanapenda kuunukuu, ulikuwa sesheni 24, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12. Ubongo haujifunzi ustadi kama huu kwa siku tatu. Baiskeli yenyewe ulianguka.

Na hapohapo kuna makundi mawili yananichosha kwa usawa, anayesema imethibitishwa kabisa na anayesema ni utapeli mtupu. Utafiti huo ulikuwa na watu 52 wenye PTSD ya muda mrefu, na baada ya matibabu waliobaki na vigezo vya ugonjwa ni kama asilimia 27 kwenye kundi lililofundishwa, na asilimia 68 kwa waliokuwa wanasubiri zamu. Hiyo sio ndogo, siwezi kuipuuza. Lakini wale wengine walikuwa wanasubiri tu, hawakuwekewa mashine ya uongo, yaani isiyofuata mawimbi yao kweli, kwa hiyo huwezi kujua ni kiasi gani kilitokana na mawimbi na kiasi gani na kukaa na mtu anayekujali mara mbili kwa wiki. Kwa watoto wenye ADHD, ule ugonjwa wa kushindwa kutulia na kuwa makini, walifanya jaribio lenye mashine ya uongo, watoto 144, na makundi yote mawili yakapata nafuu karibu sawa. ADHD sio PTSD, nakubali, ila mtu mzima anayefanya kazi hii lazima hilo limkune kichwa. Mwongozo wa mwaka 2023 wa idara za ulinzi na maveterani Marekani unasema ushahidi hautoshi kuipendekeza nyurofidibaki kwa PTSD wala kuikataa. Mwaka huohuo FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliruhusu kifaa kinaitwa Prism, kinachokadiria shughuli za amigdala kwa kutumia EEG, yaani kipimo hikihiki cha elektrodi kichwani, kitumike kama nyongeza kwenye matibabu ya kawaida ya PTSD. Nyongeza. Hilo neno wauzaji wanalimeza kama kidonge.

Kwa hiyo mimi utaratibu wangu ni huu na sibadilishi: kwanza tiba za kuongea zilizojaribiwa, ile ya kulikabili tukio hatua kwa hatua, ile ya kuchakata mawazo yaliyokwama, au EMDR, ile ya kulikumbuka tukio huku macho yakifuata kitu kinachotembea. Nyurofidibaki naileta kwa aliyejaribu hizo akakwama, au ambaye mwili wake umewaka kiasi kwamba hawezi hata kulitaja tukio. Huyo tukimshusha kidogo kwanza anaanza kuongea. Wenzangu wengine wanaanza na mashine, tumeshabishana sana, tutabishana tena.

Eti ukianza unaacha dawa. Jamani. Kama unatumia dawa za sonona kama sertralini au paroksetini usiache ghafla, kizunguzungu na hasira zitakazokuja utasema ni mashine. Aliyekuandikia ndo anapunguza, polepole.

Eti ramani ya ubongo, ile inayochorwa kutokana na mawimbi, imeonyesha nina PTSD. Hiyo picha ya rangirangi haitoi utambuzi. Utambuzi unatokana na kukaa na wewe na kuuliza, tena dalili ziwe zimezidi mwezi mmoja. Nimeletewa ramani nyekundu tupu ya mtu ambaye tatizo lake siku ile lilikuwa kukaza meno, maana misuli ya taya inatoa umeme mkubwa kuliko ubongo na inaonekana kama beta kila mahali. Hivo vikanda vya kichwani vya kujifundishia nyumbani navyo ndo vinadanganywa hivyohivyo, unadhani umefundisha ubongo kumbe umefundisha taya.

Eti haina madhara kabisa. Kichwa kuuma, uchovu, usingizi kuvurugika, hasira za karibu, hayo hutokea, mara nyingi ni ishara kwamba tumelenga vibaya na tunabadilisha. Unaniambia siku hiyohiyo, sio baada ya mwezi. Na kama umewahi kupata degedege niambie kabla sijafungua hata chupa ya jeli.

Yule wa nne tuliongea mwishowe. Nikamuuliza kama kufuta hakupo, unataka nini? Akakaa kimya muda, akasema nilale. Basi hilo tunaweza kulifanyia kazi, nikampa daftari. Anakuja Alhamisi, na nimemwambia kama ninavyowaambia wote, usije umepaka mafuta kichwani, elektrodi hazishiki na nusu saa yako yote inaishia mimi kusugua ngozi.