Nakosea wapi, sista?

Swali hili nalisikia karibu kila siku ya kliniki, ila sauti hubadilika. Mama wa mtoto wa wiki 5 huliuliza machozi yakimlengalenga, maana mtoto amelia tangu magharibi hadi usiku wa manane na hakuna kilichomtuliza. Mama wa mtoto wa miaka 2 huliuliza kwa hasira, mtoto akiwa amejibwaga sakafuni mbele ya watu. Mama wa kijana wa miaka 14 hulinong'ona, tena baada ya kuhakikisha mlango umefungwa.

Mimi ni muuguzi mkunga. Nilianzia chumba cha kujifungulia, nikahamia kliniki ya watoto, na baadhi ya niliowapokea wakiwa na kitovu kibichi leo wananipita kwa kimo. Kwa wengi wa mama hao jibu langu ni lile lile: hukosei. Mwanao anafanya kile ambacho mwili wa umri wake unafanya, na hakuna aliyekuambia mapema. Ndiyo maana naandika haya, ili yakufikie kabla ya usiku utakaoyahitaji.

Nianze na kilio, maana ndicho kinachowavunja wengi. Mwaka 1962 daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya kazi rahisi sana: aliwaomba kina mama waandike kila siku watoto wao wachanga, wote wazima wa afya, walilia kwa muda gani. Ilionekana kilio kinapanda wiki hadi wiki, kinafika kileleni karibu na wiki ya 6, kwa wastani wa saa 2 na dakika 45 kwa siku, kisha kinashuka. Na sehemu kubwa ya kilio hicho huja jioni. Tangu hapo wachunguzi wengine wameukuta mlima huo huo. Basi mama wa wiki 5 anayekaa mbele yangu hajaharibu kitu. Yuko karibu na kilele, na mteremko uko mbele yake. Mtoto akifika miezi 3 au 4, jioni zile huwa zimekwisha.

Tatizo ni kwamba mama anaposikia kilio husikia shutuma. Na shutuma ya kwanza ni "maziwa yako hayatoshi", mara nyingi ikitoka kwa mtu anayempenda kabisa. Hapa naomba tukae kidogo. Kilio hakipimi maziwa. Maziwa hupimwa kwa nepi na mizani. Baada ya siku ya 5, mtoto anayeshiba hulowesha nepi 6 au zaidi kwa saa 24. Siku za mwanzo hupungua uzito, jambo ambalo huwashtua wengi, lakini kufikia wiki ya 2 huwa ameurudia uzito wa kuzaliwa, na baada ya hapo huongezeka kama gramu 20 hadi 30 kwa siku. Nepi zikiwa nzito na mizani ikipanda, maziwa yapo. Kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku ni kawaida, na jioni anaweza kutaka titi kila nusu saa. Hiyo si dalili ya titi tupu. Titi hutengeneza kadiri linavyonyonywa, kwa hiyo kila chupa inayochukua nafasi ya titi huupa mwili wako taarifa kwamba kesho yatoshe machache. Nimeona wengi wakiacha kunyonyesha wiki ya 6 wakati maziwa yao yalikuwa tele, kwa sababu tu ya mlima wa kilio.

Ufanye nini basi? Mpe titi, kagua nepi, mpunguze nguo kama ana joto, mweke begani umpigepige mgongo abeue, mlaze kifua kwa kifua ngozi ikigusana, tembea naye taa zikiwa zimefifishwa. Na usiku mwingine yote hayo hayatasaidia.

Mwanangu wa kwanza alipokuwa na wiki 6, nilikuwa tayari mkunga niliyefundisha wenzangu mambo haya. Usiku mmoja nilihisi mikono yangu inamkaza kuliko nilivyokusudia. Nilimlaza chali kitandani pake, nikafunga mlango, nikatoka nje nikasimama gizani hadi pumzi yangu ikarudi. Alikuwa bado analia niliporudi, na alikuwa salama. Namweleza kila mama jambo hili waziwazi, kwa sababu hatari kubwa ya kilio haimo katika kilio chenyewe, imo katika mikono iliyochoka. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito, shingo yake ni dhaifu, na ubongo wake ni laini mno. Kumtikisa kwa nguvu sekunde chache tu kunaweza kupasua mishipa ya damu ndani ya kichwa. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, uondoke dakika 5 au 10. Hujamtelekeza. Umemlinda.

Nimesema chali, na nasisitiza: alale chali kila anapolala, juu ya godoro gumu lililonyooka, bila mto wala matandiko mazito karibu na uso. Nchi zilizowahimiza wazazi hivyo kuanzia miaka ya 1990 ziliona vifo vya ghafla vya watoto usingizini vikipungua kwa zaidi ya nusu.

Kilio cha kumkimbiza hospitali nacho kipo, na kina wenzake. Mtoto wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 au zaidi haangaliwi nyumbani. Vivyo hivyo anayekataa kunyonya, aliyelegea na haamki vizuri, anayepumua mara 60 au zaidi kwa dakika, ambaye kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, anayetapika kijani, au aliyepata degedege. Usisubiri kupambazuke.

Sasa mama mwenyewe. Siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua wengi hulia bila sababu wanayoweza kuitaja. Homoni zimeshuka ghafla, usingizi haupo, mwili una majeraha. Hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki 2. Isipoisha, tunazungumzia ugonjwa mwingine, sonona ya uzazi, ambayo humpata takribani mama mmoja kati ya kumi. Dalili ninayoitafuta mimi kwanza ni hii: mtoto amelala, nyumba imetulia, mama anaweza kulala, na usingizi hauji. Ya pili ni kuona mtoto angekuwa na heri zaidi na mtu mwingine. Tangu 1987 kuna dodoso fupi la maswali 10 lililotungwa Uskoti kwa ajili ya kuitambua sonona hii, na sababu ya kulihitaji ni kwamba mama haisemi. Anaona aibu kuwa na huzuni wakati watu wanampongeza. Kama ni wewe, mwambie muuguzi sentensi moja tu: "Sijisikii vizuri tangu nijifungue." Inatosha kuanzia. Inatibika, na zipo dawa ambazo mama anaweza kuzitumia huku akinyonyesha.

Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na wanaofikiri kazi hiyo huisha mtoto akianza kutembea hawajakutana na "sitaki" ya miaka 2.

Mtoto wa umri huo ana matakwa ya mtu mzima na maneno hamsini. Sehemu ya ubongo inayozuia msukumo, ile iliyo nyuma ya paji la uso, ndiyo kwanza inaanza kujengwa, na ujenzi wake utaendelea hadi miaka ya ishirini na kitu. Anapojibwaga sakafuni hajapanga kukuaibisha, amezidiwa. Kwa hiyo hotuba haisaidii, maana aliyezidiwa hasikii. Kaa karibu, ondoa kinachoweza kumuumiza, sema maneno machache kwa sauti ya chini, subiri. Mara nyingi hupita ndani ya dakika 5, ingawa mbele ya macho ya watu dakika hizo ni ndefu kama safari. Alichokikataziwa kibaki kimekatazwa, ila usimnyime kukumbatiwa baadaye. Ukichunguza vizuri utagundua vurugu nyingi huja akiwa na njaa au usingizi, na hapo dawa ilikuwa nusu saa iliyotangulia.

Na ukimfokea? Utamfokea, siku fulani. Edward Tronick, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza katika miaka ya 1970 kuchunguza kwa kamera jinsi mama na watoto wachanga wanavyotazamana, aligundua kwamba hata wenye uhusiano mzuri huwa hawaendani sehemu kubwa ya muda. Hupishana, kisha hurudiana. Kule kurudiana ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba mtu anaweza kukasirika na bado akampenda. Mwambie: "Mama alipiga kelele, samahani. Bado hatutupi vitu." Sentensi zote mbili ni za lazima.

Chakula ndilo jambo la pili linaloleta machozi umri huu. Mwaka wa kwanza mtoto huongeza uzito wake wa kuzaliwa mara tatu. Mwaka wa pili huongeza kilo 2 hivi, basi. Ni haki hamu ya kula ipungue! Lakini mama anaona sahani inarudi nusu na kuanza kumlazimisha, na meza inageuka uwanja wa vita. Mgawanyo ninaoufundisha ni huu: wewe unaamua ale nini, saa ngapi na wapi; yeye anaamua ale kiasi gani. Kisha tazama mstari kwenye kadi ya kliniki. Mstari unaopanda kwa mwendo wake, hata kama mtoto ni mwembamba kuliko wa jirani, ni habari njema. Uliolala au kushuka, njoo nao.

Kuhusu miaka ya shule nitataja moja tu, kwa sababu watoto wanapigwa kwa ajili yake: kukojoa kitandani. Kati ya watoto 100 wa miaka 5, kama 15 bado wanakojoa usiku. Hawakusudii. Wamelala fofofo, kibofu bado hakijaelewana na ubongo, na mara nyingi baba au mama alikuwa hivyo hivyo. Kila mwaka wengi huacha wenyewe. Adhabu haiharakishi chochote, ila huongeza hofu. Hata hivyo, mtoto aliyekaa mkavu kwa miezi 6 au zaidi halafu akaanza tena, mlete. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, choo kigumu, kisukari, au kuna jambo linamtisha ambalo hajapata pa kulisema.

Halafu siku moja yule uliyekuwa humwezi kwa maneno ananyamaza.

Mama wa kijana hunieleza mambo mawili pamoja: halali, na haongei. La usingizi lina maelezo ya mwili. Wakati wa balehe, homoni ya usingizi huanza kutoka kwa kuchelewa, saa moja au hata mbili nyuma ya ilivyokuwa utotoni. Mary Carskadon wa Chuo Kikuu cha Brown ameichunguza saa hiyo ya mwili kwa miongo kadhaa. Kijana anayekuambia saa 4 usiku kwamba hana usingizi anasema kweli, na bado anahitaji saa 8 hadi 10. Asubuhi unapomwamsha unamkuta katikati ya usiku wake. Simu huichelewesha saa hiyo zaidi, kwa hiyo ilale nje ya chumba, na yako pia. Jumamosi mwache alipe deni kidogo, lakini si hadi adhuhuri, maana Jumapili usiku hatalala tena.

Mabadiliko ya mwili yaongelewe kabla hayajafika. Kwa msichana hedhi huja kama miaka 2 hivi baada ya matiti kuanza kuchomoza, hivyo mwili wenyewe unakupa muda wa kumwandaa. Wavulana nao wanahitaji kuambiwa, na husahaulika.

Kuhusu kimya, nimejifunza kutoka kwa vijana wenyewe kwamba macho ya mama ni mazito. Wanaongea mkiwa mnatembea, mnaosha vyombo, taa zimezimwa. Popote ambapo hamtazamani. Swali fupi, kisha nyamaza wewe. Akikuambia jambo la kukutisha, jibu la kwanza liwe "asante kwa kuniambia". Adhabu, kama ipo, inaweza kungoja kesho.

Kimya cha kawaida kina marafiki, kina hamu ya kula, kina kicheko huko nje. Kinachoniogofya ni kijana aliyeacha vyote kwa wiki 2 au zaidi, anayegawa vitu vyake alivyovipenda, anayesema amekuwa mzigo, au mwenye majeraha anayoyaficha kwa mikono mirefu. Hapo uliza kwa maneno kamili: "Umewahi kufikiria kujiua?" Najua yanavyokwama kooni. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Tafiti zimelichunguza sana jambo hili. Humfungulia mlango. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, ondoa dawa na vitu vya hatari, na mletee msaada siku hiyo hiyo.

Yule mama aliyefunga mlango aliniomba nimwandikie swali hilo kwenye karatasi, kwa sababu aliogopa atalipindisha njiani. Nikamwandikia. Alirudi kesho yake asubuhi na mapema, kabla sijafungua dirisha, na kijana alikuwa nyuma yake.