Betri inawasha taa usiku kucha, mbona pasi inaishinda?

Wateja wangu wa umeme wa jua, kuanzia Kirumba hadi Igombe huku Mwanza, huniuliza swali hili mara kwa mara: "Fundi, betri inayowasha taa nyumba nzima, inashindwaje na pasi moja?" Wengi hudhani wameuziwa betri mbovu. Betri ni nzima, ila wameidai joto.

Betri hutunza nishati katika kemikali zake, na hiyo hugeuka umeme pale unapowasha kifaa. Kifaa nacho huugeuza umeme huo kuwa kitu kingine: redio sauti, feni mwendo, taa mwanga, pasi joto. Katika vyote hivyo, joto ndilo lafi.

Chukua betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100. Ikijaa ina wati-saa 1,200, yaani uniti 1.2 za LUKU, na mimi humshauri mtu atumie nusu tu ili betri idumu. Nusu hiyo itawasha taa ya LED ya wati 10 kwa saa 60. Pasi ya wati 1,000 itaimaliza kwa dakika 36, na hapo sijahesabu kinachopotelea kwenye inveta, kile kifaa kinachobadili umeme wa betri uendane na pasi. Birika na hita ni ukoo uleule wa pasi.

Tazama karabai za wavuvi wa dagaa. Lita moja ya mafuta ya taa ina nishati inayokaribia uniti 10, lakini karabai lazima iunguze mafuta, joto likifanye kile kijifuko cha kitambaa king'ae, ndipo mwanga upatikane. Nishati karibu yote huishia kupasha hewa ya ziwani, na dagaa hafuati joto, hufuata mwanga. Taa ya LED ya wati 10 ikikesha saa 10 usiku wa giza imekula sehemu ya kumi ya uniti. Kwa mvuvi, hii ni pesa inayobaki mfukoni, na ninatamani kila mtumbwi uwe nayo.

Akina mama wanaoanika dagaa nao huniomba kikaushio cha umeme kwa ajili ya masika. Hapa huwa nakataa kuwauzia. Kilo 10 za dagaa wabichi zina maji yapata kilo 7. Kuyafanya maji kilo 6 yawe mvuke kunahitaji uniti 4 hivi, kiasi ambacho betri ile haina hata ikikamuliwa yote. Isitoshe, paneli hugeuza kuwa umeme takriban sehemu moja kati ya tano tu ya nishati ya jua inayoipiga. Kwa nini basi uligeuze jua kuwa umeme, halafu umeme uurudishe kuwa joto? Inua chanja kutoka mchangani, ifunike kwa nailoni inayopitisha mwanga, acha matundu chini na juu ili hewa yenye unyevu itoke. Paneli ndogo, ukiwa nayo, izungushe feni ya kuisukuma hewa hiyo.