Kumfundisha mbwa kuja anapoitwa

Ninafundisha mbwa hapa Dodoma, na malalamiko ninayoyasikia zaidi kutoka kwa wafugaji wa Ilazo, Kisasa na Nkuhungu ni kwamba mbwa anayemtii mwenye nyumba akiwa ndani ya uzio hugeuka kiziwi mara tu geti linapofunguliwa. Wengi humwita mkaidi. Kwa maoni yangu, kiini cha tatizo ni ratiba yetu ya ulinzi: usiku mbwa hufunguliwa, alfajiri huitwa, na akifika hufungiwa bandani mpaka jioni. Mbwa huunganisha sauti na jambo linaloifuata, kama mwanasayansi Ivan Pavlov alivyoonyesha nchini Urusi zaidi ya miaka 100 iliyopita, kwa hiyo wito wa namna hiyo humwarifu kwamba uhuru wake umekwisha.

Chagua neno jipya, au filimbi, ambayo mlio wake haubadiliki hata ukiwa na hasira. Anzia ndani ya uzio, mbwa akiwa na njaa kidogo. Ita mara moja tu; akifika, mpe dagaa au kipande cha maini yaliyochemshwa, mshike mkanda wa shingoni kwa upole angali anatafuna, kisha mwachie aende zake. Usiiache hatua ya kushika mkanda, kwa maana mbwa wengi husimama hatua mbili mbele ya mtu, wakanyoosha shingo kuchukua chakula na kuruka nyuma mara mkono unapoinuka. Kumwachia nako ni malipo, pengine makubwa kuliko maini yenyewe.

Asubuhi usimwite kumfungia. Weka chakula chake bandani, ataingia mwenyewe. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa, mfuate alipo umfunge kamba.

Nje ya geti, tumia kamba ya mita 10 hivi iliyofungwa kwenye mkanda wa kifuani, kwani akikimbia na kufika mwisho wa kamba iliyofungwa shingoni anaweza kuumia. Kazi ya kamba ni kumzuia asijilipe mwenyewe kwa kufukuza kuku wa jirani, wala haikusudiwi kumburuta. Asipoitika, usirudie wito. Rudi nyuma kwa haraka ukimpa mgongo, maana mbwa hupenda kufuata kinachoondoka. Hata akichelewa, usimpige kamwe anapofika, kwa sababu atakachokikumbuka ni kwamba alikuja akapigwa. Fanyeni mazoezi mafupi, asubuhi na mapema au jioni, kwa kuwa mbwa hupoza mwili zaidi kwa kuhema na jua la mchana la hapa humchosha upesi.

Akishazoea, maini yaweza kupungua bila mpangilio: leo kipande, kesho sifa tu, keshokutwa konzi nzima ya maini. Lakini akiliacha kundi la mbuzi linalopita na kukujia, mlipe kila mara, tena kwa ukarimu.